SODO NA TWAHARA: YAMPASAYO MWANAMUME KUYAJUA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeumba mume na mke, akampa kila mmoja maumbile yake na hukumu zake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ambaye hakuona haya kuwafundisha watu dini yao, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Karatasi hizi nimeziandika katika mji wa Babati, ulio katika Mkoa wa Manyara, katika njia kuu itokayo Arusha kwenda Kondoa na Dodoma. Nazielekeza kwa ndugu zangu wanaume wa Kiislamu, watu wa Mwambao, walio majumbani kwao pwani na wale waliotoka kama nilivyotoka mimi wakaja bara kutafuta riziki. Jambo nitakalolisema ni sodo, yaani kile kitambaa au kitu cha namna yake akitumiacho mwanamke katika siku za hedhi yake, ambacho leo wengi hukiita pedi au taulo ya kike. Najua ya kuwa wako watakaofunga karatasi hizi wafikapo hapa. Nawaomba wasubiri kidogo wasome sababu yangu, kisha wahukumu.

SABABU YA KUANDIKA

Mtu mmoja wa pwani alihamia Babati na mkewe na binti yake, akafungua duka dogo. Baada ya miaka michache mkewe akarejea kwa Mola wake, akabaki yeye na binti yake, naye ana umri wa miaka kumi na mitatu. Mtu yule akijiona ni baba mwema. Mtoto akila, akivaa, akisoma skuli na chuoni, wala hakukosa kitu akijuacho baba yake. Lakini kila mwezi ilikuwa yapita siku nne au tano mtoto haendi skuli wala chuoni, husema tumbo lamuuma. Mwalimu wa chuo akamwambia baba kwamba mtoto huyu amekuwa mvivu, naye baba akamkaripia mwanawe kwa maneno makali, tena mbele ya watu.

Siku moja ya Ijumaa baba alitoa magodoro nje kuyaanika juani. Akalikuta godoro la mtoto limekatwakatwa upande wa chini, na sponji imepungua. Akampigia kelele kwa kuharibu mali. Mtoto akalia wala hakujibu neno. Jirani, mwanamke mtu mzima wa Kirangi, akayasikia, akaja, akamwambia baba kwa upole: “Mwanao amekwisha vunja ungo tangu mwaka jana. Hana mama, hana bibi, wala hana shilingi mkononi. Ulitaka atumie nini?”

Ndugu zangu, mtu yule ni mimi. Na jawabu ya suali lile sikuwa nayo siku ile, wala sikuwa nayo siku ya pili. Nikaona nimelipa kodi ya duka, nimelipa ada ya skuli, nimechangia maulidi, na ndani ya nyumba yangu mtoto akata godoro lake kwa siri apate kujisitiri. Kisha nikajua jambo lililonitia hofu zaidi kuliko godoro: mtoto wangu hakujua lini aache sala na lini airudie, wala hakujua kwamba saumu zilizompita katika Ramadhani hulipwa. Dhambi ya ujinga ule ni ya nani, yake au yangu?

KWA NINI TUMEKUWA WAJINGA WA JAMBO HILI

Kwetu Mwambao mwanamume aliweza kuishi umri wake wote asilijue jambo hili, na nyumba isiharibike. Binti akivunja ungo alikuwa na somo wake, yaani kungwi wake, mwanamke aliyechaguliwa kumfundisha mwari mambo ya mwili wake. Somo ndiye aliyemwonyesha namna ya kukata kitambaa na kukifunga, namna ya kukifua na mahali pa kukianika, namna ya kukoga josho la hedhi na nia yake. Baba hakuulizwa, kwa kuwa palikuwa na mtu wa kuifanya kazi ile kwa niaba yake.

Lakini sisi tumehama. Tumewachukua wake zetu na watoto wetu mpaka Babati, na Arusha, na Mwanza, na masomo hatukuwachukua. Na hata waliobaki pwani, wengi leo wanakaa katika nyumba za kupanga mbali na mabibi zao na mashangazi zao. Kazi iliyokuwa ikifanywa na somo imebaki bila ya mtu, na fardhi ikikosa mtu wa kuifanya humrudia mwenye nyumba. Kwa hiyo mwanamume wa leo hana udhuru aliokuwa nao babu yake.

SUALI: JE, SI AIBU MWANAMUME KUYASEMA HAYA?

Jawabu: Lau ingekuwa ni aibu, asingeyasema aliyekuwa mwenye haya kuliko watu wote. Tazama yaliyopokewa katika vitabu vya Hadithi.

Bibi Ummu Salama (R.A.) ameeleza kwamba alikuwa amelala pamoja na Mtume (S.A.W.) chini ya shuka moja, hedhi ikamjia; akatoka kwa siri akatwaa nguo zake za hedhi akazivaa. Mtume akamuuliza kama ameingia katika siku zake, akasema ndiyo. Akamwita akalala naye katika shuka ile ile. Khabari hii ameipokea Imamu Bukhari. Mambo mawili yaonekana hapa: kwamba Mama wa Waumini alikuwa na nguo alizoziweka makhsusi kwa siku zile, na kwamba mumewe alijua wala hakumtenga.

Na Bibi Hamna binti Jahsh (R.A.) alikuwa akitokwa na damu nyingi isiyokatika, akaenda kumuuliza Mtume (S.A.W.). Mtume akamwelekeza kutumia pamba, kwa kuwa pamba huiondoa damu. Akasema yake ni nyingi kuliko hivyo. Akamwambia ajifunge kwa kitambaa. Akasema ni nyingi zaidi. Akamwambia atwae nguo. Wamepokea haya Abu Daud na Tirmidhi. Zingatia vizuri: mwanamke ameleta shida yake, na Mtume wa Mungu akamchagulia kitu kimoja, kisipotosha kingine, kisipotosha kingine, kwa kadiri ya damu yake. Basi elimu ya kuchagua sodo si mzaha wa wanawake wala si jambo lililoletwa na maduka. Asili yake imo katika mafundisho ya Mtume mwenyewe.

Na wanawake wa Kiansari walisifiwa na Bibi Aisha (R.A.) kwa kuwa haya haikuwazuia kuijua dini yao. Haya iliyo njema humzuia mtu kufanya mabaya. Ile imzuiayo kujua fardhi yake si haya, ni udhaifu.

JUU YA NANI GHARAMA YAKE?

Jueni ya kuwa katika vitabu vya madhehebu yetu ya Imamu Shafi vyombo vya mke vya kujisafishia, kama kitana na mafuta na majani ya mkunazi, vimehesabiwa ni juu ya mume. Wamebainisha mpaka thamani ya maji ya kukogea. Maji ya josho la janaba itokanayo na mume, na ya nifasi, wamesema ni juu yake. Ama ya josho la hedhi, kauli iliyo sahihi zaidi ni kwamba halazimishwi.

Akitokea mtu akashika kauli hii akasema, “Basi na sodo si juu yangu,” tutamjibu hivi. Kauli ile ni mpaka ambao kadhi humlazimisha mume mbele ya baraza. Lakini mke hukuoa ili uishi naye kwa mpaka wa kadhi. Umeamrishwa kukaa naye kwa wema, na katika wema ni kumpa kitu ambacho akikikosa huchafuka nguo yake na kitanda chako.

Ama binti asiye na mali, hapana njia ya kukimbilia. Nafaka ya mtoto ni kwa kadiri ya kumtosheleza, na kila ajuaye hali ya wanawake ajua kwamba chakula na nguo bila ya sodo havimtoshelezi msichana aliyebaleghe.

Na tuihesabu gharama yenyewe, ili mtu asije akaiogopa kwa kutoijua. Pedi moja yataka kubadilishwa baina ya saa nne na sita. Tukishika saa sita, ni pedi nne kwa siku na usiku wake. Na kwa siku sita, ambazo ni katika ada ya wanawake walio wengi, ni pedi 24. Pakiti nyingi zina vipande vinane, basi ni pakiti tatu kwa mwezi, na 36 kwa mwaka. Tukadirie pakiti moja kwa shilingi 2,000, na kila mtu aweke bei ya duka la mtaani kwake: ni shilingi 72,000 kwa mwaka kwa mwanamke mmoja. Mwenye mke na mabinti wawili na azidishe mara tatu. Si fedha kidogo kwa mnyonge, na kwa hiyo yapasa kuchagua kwa akili. Wala si nyingi kwa mtu avutaye sigara kila siku kisha akasema hana.

NAMNA ZA SODO NA UZURI WA KILA MOJA

Ya kwanza ni kitambaa cha pamba, ndiyo sodo ya mabibi zetu. Khanga iliyolainika kwa kufuliwa ni njema, kwa kuwa pamba hunywa maji. Nailoni haifai, kwa kuwa hainywi, tena hutia joto na kuwasha. Kitambaa hufuliwa kwanza kwa maji baridi, kwani maji ya moto huigandisha damu ndani ya nguo. Kisha hufuliwa kwa sabuni na kusuuzwa sana, kikaanikwa juani. Hapa ndipo wengi huharibu: kwa kuona haya hukianika chini ya godoro au nyuma ya kabati, kikabaki na unyevu, na unyevu huzaa ukungu na maradhi ya kuwasha. Mwanamume na aweke kamba mahali penye jua na pasipopita wageni. Mwanamke akitaka, atatandaza khanga nyepesi juu yake. Hapa Babati miezi ya Juni na Julai ni ya baridi na mawingu, kitambaa hakikauki upesi. Kwa hiyo yataka vipande vingi zaidi, na kuvipiga pasi ya moto kabla ya kuvitumia.

Na mtu asiseme ya kwamba kitambaa chenye alama ya damu hakitwahiriki. Bibi Khaula binti Yasar (R.A.) alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba ana nguo moja tu, naye huingia hedhini akiwa ameivaa. Akamwamrisha aifue akitwahirika, kisha asali nayo. Akauliza, je, kama athari ya damu haikutoka? Akamjulisha kwamba maji yamtosha, wala athari ile haimdhuru. Dini yetu ni nyepesi kwa maskini.

Ya pili ni pedi ya kufuliwa iliyoshonwa. Hii ni dada yake kitambaa: huwa na tabaka kadhaa za pamba, chini yake kitambaa kisichopitisha maji, na vifungo vya kuishika katika nguo ya ndani isihame. Fundi mzuri wa cherehani aweza kuishona. Vipande sita mpaka vinane humtosha mtu mmoja, na akivitunza hupita mwaka. Kwa mwenye maji nyumbani na mfuko mwepesi, hii ndiyo niionayo kuwa ni bora. Asiye na maji ya kutosha hataiweza.

Ya tatu ni pedi ya dukani itumiwayo mara moja ikatupwa. Ilienea baada ya vita vikuu vya kwanza, ambavyo ndani yake wauguzi waliona kwamba bandeji za nyuzi za mti zilizotengenezewa majeruhi zanyonya damu kuliko pamba. Na kiwanda kimoja cha Marekani kikaanza kuziuza kwa wanawake kwa jina la Kotex mwaka 1920. Uzuri wake ni wepesi: msichana wa skuli aweza kubeba mbili mkobani wala asihitaji kufua. Ukienda kununua, tazama pakiti haikutoboka wala haikupata maji, tazama tarehe yake, na tazama alama ya Shirika la Viwango, yaani TBS. Zenye manukato huwawasha baadhi ya wanawake. Isiyo na harufu ndiyo salama. Mwenye damu nyingi yamfaa nene na ndefu yenye mabawa, khasa usiku. Mwenye damu kidogo yamtosha nyembamba. Na yapasa kubadilishwa kwa wakati wake hata ikiwa damu ni chache, kwa kuwa damu ikikaa huharibika na kutoa harufu.

Katika kuitupa pana adabu. Isitiwe katika choo cha kuvuta maji, kwani hukiziba. Ifungwe katika karatasi, itiwe katika chombo chenye kifuniko, kisha ichomwe au itupwe shimoni. Na mtazame ile karatasi ya kufungia: magazeti mengi yana jina la Mwenyezi Mungu au aya za Kurani ndani yake, wala haifai kufungia najisi.

Ya nne ni tamponi, nayo ni pamba iliyokazwa iingizwayo ndani. Daktari Earle Haas wa Marekani alipata hati yake mwaka 1933. Yataka mikono safi, wala isikae ndani zaidi ya saa nane. Kwani mwaka 1980 huko Marekani iligunduliwa kwamba baadhi ya wanawake walioziacha ndani muda mrefu walipatwa na sumu ya vijidudu katika damu, na wako waliokufa. Homa kali ya ghafula na kizunguzungu pamoja na tamponi ni jambo la kwenda hospitali saa ile ile.

Ya tano ni kikombe cha hedhi. Leona Chalmers, mwanamke wa Marekani, alipata hati yake mwaka 1937, wakati huo kikiwa cha mpira; leo hufanywa kwa silikoni laini. Huingizwa ndani kikakusanya damu, hutolewa kikamwagwa kabla ya kupita saa kumi na mbili, kikaoshwa na kurudishwa. Hedhi ikisha huchemshwa, kikawekwa mpaka mwezi mwingine. Bei yake ni kubwa siku ya kukinunua, lakini kimoja hudumu miaka mingi, hata kufika kumi. Hakitaki kamba ya kuanika wala shimo la kutupia. Chataka maji safi, sabuni ya mikono, na sufuria ya kuchemshia.

Wako watakaouliza juu ya ubikira wa binti katika hizi namna mbili za mwisho. Jawabu yake imo katika vitabu vyetu: bikira ambaye utando wake umeondoka kwa jambo lisilokuwa kuingiliwa, kama kuanguka na mfano wake, hukumu yake katika kauli iliyo sahihi zaidi ni hukumu ya bikira. Hata hivyo msichana mdogo halazimishwi kitu anachokiogopa. Vitambaa na pedi vyamtosha.

Ama sponji ya godoro, majani, karatasi, na matambara machafu yaliyookotwa, hivi si sodo. Huvuja, huchubua, na huingiza maradhi. Msichana hatumii vitu hivi kwa kupenda. Hutumia kwa kuwa mtu fulani hakuuliza.

SODO NA HUKUMU ZA IBADA

Kuchagua sodo kunafungamana na sala, na hii ndiyo sababu ya pili kwamba baba asipuuze.

Kwanza, mwanamke ana haja ya kujua damu yake imekatika lini. Wanawake wa zama za masahaba walikuwa wakimpelekea Bibi Aisha (R.A.) pamba yenye umanjano ili awaambie kama wametwahirika, naye akiwaonya wasifanye haraka mpaka waone weupe. Kwa hiyo mwenye kutumia kikombe au pedi yenye rangi, na awe na pamba nyeupe ya kujitazamia. Damu ikikatika kabla ya jua kutua, yampasa sala ya Alasiri na ya Adhuhuri pia. Na wangapi huzipoteza sala hizi kwa kungoja kukoga kesho asubuhi! Sala za siku za hedhi hazilipwi, saumu zake hulipwa.

Pili, hedhi katika madhehebu yetu uchache wake ni siku moja na usiku wake, na wingi wake ni siku kumi na tano. Ikizidi hapo ni istihadha, nayo haiondoi sala. Mwenye istihadha hujiosha, akaweka pamba au pedi, akajifunga, akatia udhu kwa kila sala ya fardhi baada ya kuingia wakati wake. Na akiwa amefunga saumu, wanazuoni wetu wamesema asitie kitu ndani mchana, kwa kuwa hukata saumu. Basi mchana wa Ramadhani pedi ya nje ndiyo yake, si tamponi wala kikombe. Ama mwenye hedhi hafungi, na suala hili halimhusu.

Tatu, damu iliyopita siku kumi na tano, au ijazayo pedi nzima kwa saa moja au mbili, au iletayo kizunguzungu, haimalizwi kwa kubadili sodo. Ni ugonjwa wa kupelekwa hospitali, wala mume asiseme “ni mambo ya wanawake” mpaka mtu akapungukiwa damu.

NENO KWA WAFANYA BIASHARA

Sisi watu wa pwani wengi wetu ni wauza duka, na neno hili latuhusu. Mwezi wa Julai 2018 Serikali ya Tanzania iliondoa kodi ya ongezeko la thamani, iliyo asilimia 18, juu ya taulo za kike. Makusudio yalikuwa bei ishuke. Mwaka uliofuata, mwezi wa Juni 2019, Waziri wa Fedha aliliambia Bunge kwamba bei haikushuka, na kodi ikarudishwa. Nafuu ile iliyokusudiwa msichana iliishia njiani, katika mifuko ya wauzaji. Sijui mwenye sehemu yake katika hilo atamjibu nini Mola wake. Na huko Kenya walioneana kodi hiyo ni nzito wakaifuta tangu mwaka 2004, na mwaka 2017 wakapitisha sheria ya kuwapa wasichana wa skuli pedi bure. Mwenye duka asiyeweza kutoa bure, angalau na apunguze faida yake katika kitu hiki kimoja. Na asimfunulie mteja mbele ya watu, wala asimkodolee macho msichana aliyekuja kununua. Na amfungie katika karatasi isiyoonyesha, kisha ampe chenji yake.

YAMPASAYO KILA MMOJA WETU

La kwanza ni kujua. Ukiwa una binti wa miaka tisa au kumi, usingoje. Mtafutie mwanamke mwaminifu, mamaye, shangazi yake, au jirani mwenye dini, amfundishe kabla damu haijamjia, asije akadhani amepata jeraha. Ukimkosa mtu huyo, basi ni wewe. Nami nimelifanya, na ulimi wangu ulikuwa mzito, na paa la nyumba halikuanguka.

La pili ni kutoa bila ya kuombwa. Msichana hawezi kuja kwa baba yake kila mwezi kuomba fedha ya sodo, haya humla. Mpe mwanzo wa mwezi fedha yake mkononi, au mnunulie uweke kabatini, naye achague namna imfaayo, kwani mwili ni wake yeye.

La tatu ni maji na faragha. Choo chenye mlango unaofungika, ndoo, sabuni, na kamba ya juani. Na enyi walimu wa vyuo, tazameni vyoo vya vyuo vyenu. Mtoto wa kike asiyeshika msahafu leo msimuulize sababu mbele ya wenziwe. Wekeni mwalimu wa kike ambaye atamwambia, na siku zile asikilize masomo badala ya kurudishwa nyumbani.

La nne ni ulimi. Baadhi ya watu wa Madina wa zama zile waliwatenga wanawake wenye hedhi, hawali nao wala hawakai nao nyumba moja, na Mtume (S.A.W.) akakataza kutenga huko, akabakisha lile moja la kuingiliana. Bibi Aisha akinywa naye chombo kimoja akiwa hedhini, na Mtume akiegemea mapajani pake akisoma Kurani. Basi mwanamume amwambiaye mkewe “ondoka, u mchafu,” sunna hiyo ameitoa wapi?

Nami namaliza kwa kuitimiza khabari niliyoianza. Yule jirani wa Kirangi nilimwomba awe somo wa binti yangu, akakubali, naye akamfundisha. Nilimnunulia kitambaa cha pamba, fundi akamshonea vipande vinane, na pakiti moja ya pedi huwekwa kwa ajili ya siku za skuli. Kamba iko nyuma ya nyumba, upande wa jua la asubuhi. Mwezi uliofuata hakukosa skuli hata siku moja. Nilimwendea mwalimu wa chuo nikamwambia kwamba mtoto hakuwa mvivu, na kosa lilikuwa langu. Kisha nilimtaka radhi mwanangu mbele ya watu wale wale niliomkaripia mbele yao, kwa kuwa haki ya mtoto ni haki kama nyingine, na deni hulipwa mahali lilipokopwa.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyopuuza, na atuwezeshe kuzilinda amana alizotupa. Na Yeye ndiye ajuaye zaidi.